Namna ya kusomea ukutubi wa shule ukiwa mwalimu na mzazi katika Nyanda za Juu Kusini

Katika shule nyingi za Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, maktaba hukabidhiwa mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza juu ya vipindi vyake vyote. Hupewa ufunguo, daftari la kuazimishia na maboksi ya vitabu vya msaada, bila kufundishwa lolote kuhusu kazi yenyewe. Wengi huifanya kwa mapenzi tu, na baadhi yao hufikia hatua ya kutaka kuisomea rasmi ili wawe wakutubi waliofuzu. Hao ndio ninaowaandikia: walimu wenye watoto, wenye shamba, wenye wazazi wanaowategemea, ambao hawawezi kuyaacha hayo yote kwa miaka miwili au mitatu wakakae bwenini.

Ninachokiona kikiwaangusha wazazi walio masomoni ni majuma machache ya mwaka ambayo mambo yote hugongana. Mtihani wa muhula huangukia juma la kuvuna mahindi, kazi ya chuo hutakiwa siku zile zile ambazo mwalimu anasimamia mitihani ya kidato cha nne, na ada hudaiwa mwezi ambao watoto wanahitaji sare na madaftari. Kwa sababu hiyo ninakuomba upange masomo yako kwa mwaka mzima, ukifuata misimu ya huku kwetu, kabla hujapanga ratiba ya siku. Ratiba ya siku huvunjika mtoto mmoja akishikwa na homa. Mpango wa mwaka una nafasi ya homa ndani yake.

Kuchagua njia ya kusoma

Ukutubi nchini husomewa kwa ngazi kadhaa, na inayokufaa hutegemea cheti ulichonacho sasa. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichopo Bagamoyo, ambacho wengi hukiita SLADS na ambacho kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hutoa astashahada na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa stashahada ya habari na ukutubi, na kwa mtu wa Iringa au Mbeya kina faida moja isiyoandikwa kwenye matangazo, kwamba Morogoro ipo njiani na safari ya kurudi nyumbani kumwona mtoto mgonjwa ni fupi kuliko ya kutoka Bagamoyo. Mwalimu mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba shahada ya uzamili ya taaluma ya habari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa, vikiwamo vya Mbeya, Iringa na Njombe, na mwanafunzi wake husoma akiwa kwake kisha akafanyia mitihani kituoni. Nenda kituo cha mkoa wako ana kwa ana, uombe orodha ya programu za mwaka huo, uulize zipi zinahusu maktaba na habari, na kila moja inahitaji mahudhurio ya ana kwa ana kwa siku ngapi.

Mwenye cheti cha kidato cha nne pekee, kwa mfano msaidizi wa maktaba anayetaka kupanda, huanzia ngazi ya 4, ambayo kwa kawaida huhitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Mwalimu mwenye shahada anayefikiria kurudi kwenye astashahada nampa angalizo: ngazi hiyo hufundisha kazi ya mikono vizuri kuliko ngazi zote, na maarifa yake yatakusaidia kila siku, lakini usitarajie ikupandishe cheo, kwa kuwa iko chini ya cheti ulichoajiriwa nacho. Ukiichagua, ichague kwa ajili ya ujuzi.

Mzazi mwenye mtoto anayenyonya ninamshauri asikimbilie chuo cha bweni kwa sababu tu nafasi imepatikana. Kusoma kwa mbali ukiwa nyumbani huchukua muda mrefu zaidi na huhitaji nidhamu kubwa, lakini ndoa na watoto huvumilia mwendo mrefu kuliko pengo la ghafla. Watoto wakishaanza shule ya msingi, na akiwapo mtu mzima wa kuaminika nyumbani, hapo bweni huanza kufikirika.

Kabla ya kulipa hata ada ya fomu, thibitisha kwamba chuo na programu yenyewe vimesajiliwa. NACTVET na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa miongozo ya udahili kila mwaka, nayo hutaja vyuo, programu, sifa za kujiunga na mara nyingi ada. Malipo ya vyuo vya umma hufanywa kwa kontroli namba. Mtu yeyote anayekuambia utume fedha kwenye namba yake ya simu ili akushikie nafasi, achana naye.

Barua kwa mwajiri

Mtumishi wa umma haanzi masomo ya muda mrefu bila ruhusa, hata kama anasoma jioni na kwa fedha zake. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ukiipitisha kwa mkuu wa shule na kwa ngazi nyingine unazoelekezwa, ukitaja chuo, programu, muda, namna ya kusoma na tarehe za mahudhurio, na uambatishe barua ya udahili ukishaipata. Halmashauri huandaa mpango wa mafunzo wa watumishi wake, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ukitaka jina lako liingie katika mpango huo, barua yako iwe imefika wakati bajeti ikiandaliwa, mwanzoni mwa mwaka. Barua inayofika Septemba ikiomba ruhusa ya Oktoba huwaweka viongozi wako mahali pagumu, nawe hubaki ukisubiri huku chuo kimeshafungua.

Katika barua hiyo hiyo, au katika nyingine, uliza jambo ambalo wengi hulikwepa: baada ya kufuzu utabaki katika kada ya ualimu ukiwa na jukumu la maktaba, au utaweza kuomba kubadilishwa kada ukawa mkutubi? Kada hizi zina miundo tofauti ya utumishi, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunaweza kugusa cheo na mshahara. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia masuala ya kiutumishi ya walimu wa shule za umma za msingi na sekondari, na ofisi yake ya wilaya ni mahali pazuri pa kuulizia. Omba jibu la maandishi. Kwa maoni yangu, walimu wengi hufanya kazi bora zaidi wakibaki walimu wenye ujuzi wa ukutubi, kwa sababu mkutubi anayeingia darasani hujua kidato cha pili wanasoma nini juma hili na atawaandalia vitabu gani juma lijalo.

Mwalimu wa shule binafsi amwandikie mwenye shule au meneja, na akubaliane naye kwa maandishi kuhusu siku za mitihani na kama shule itachangia ada. Makubaliano ya mdomo husahaulika mkuu mpya akija.

Kalenda moja ya mambo yote

Chukua karatasi kubwa, ile ya manila inayouzwa madukani, uigawe katika miezi 12. Utaandika kalenda nne juu ya karatasi hiyo moja, kila moja kwa rangi yake: ya shule, ya chuo, ya shamba na ya nyumba.

Kalenda ya shule unaijua. Shule hufunguliwa Januari na Julai, hufungwa Juni na Desemba, na katikati kuna mapumziko mafupi. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei, darasa la saba Septemba, na kidato cha nne Novemba. Weka alama kwenye majuma utakayokuwa msimamizi, majuma ya kusahihisha na ya kuandaa matokeo, na zamu zako. Zamu ni rahisi kuibadilisha na mwenzako ukiomba miezi miwili kabla. Ukiomba Ijumaa kwa zamu ya Jumatatu, utakuwa unamtwika mtu mzigo wako.

Kalenda ya chuo huwekwa mara tu inapotoka: tarehe za kufungua, za mahudhurio ya ana kwa ana, za kukabidhi kazi, za mitihani na za mitihani ya marudio. Tarehe hizi huweza kusogezwa na chuo, hivyo ziandike kwa penseli.

Kalenda ya shamba ndiyo inayosahaulika katika miongozo iliyoandikwa na watu wa mjini, na huku kwetu ndiyo inayotawala nyumba. Mvua huanza Novemba au mapema Desemba, na majuma hayo familia nzima huwa kwenye kupanda mahindi na kutafuta mbolea. Januari na Februari ni palizi. Maharage huwahi, mahindi huvunwa kuanzia Juni hadi Agosti kutegemea mwinuko, na mwenye viazi Uporoto au chai Mufindi ana mzunguko wake unaotofautiana na wa jirani yake aliye Mbarali kwenye mpunga. Andika misimu ya shamba lenu kama ilivyo. Kisha angalia karatasi: pale ambapo rangi tatu zinakutana katika juma moja, hapo ndipo pa kushughulikia sasa, ukiwa bado na miezi ya kujipanga. Unaweza kutafuta vibarua wa palizi, kupunguza ekari kwa misimu miwili, au kupanda sehemu ya shamba zao lisilohitaji mkono wako kila juma. Familia nyingi huona ekari iliyopunguzwa kuwa hasara, na ni kweli kwamba gunia linalokosekana linaonekana, lakini ada ya somo lililorudiwa nayo ni gunia, tena zaidi ya moja.

Kalenda ya nyumba hubeba kliniki ya mtoto, ubatizo, sikukuu, harusi za ndugu zinazojulikana na miezi ya baridi. Juni na Julai, hasa Makete, Njombe na Uyole, watoto hukohoa na usiku huwa mzito kwa mtu anayetaka kukaa macho asome. Katika miezi hiyo ninaona ni busara kuhamishia masomo alfajiri ya Jumamosi au mchana wa jua, na kuuacha usiku ulale. Ukiwa mjamzito, likizo ya uzazi ya siku 84 haimaanishi siku 84 za kusoma. Wanaoipangia masomo mazito huja kuchoka wakati mtoto anapowahitaji zaidi, kwa hiyo iandikie kazi nyepesi tu za kusoma bila kuandika.

Karatasi ikikamilika, itundike mahali ambapo kila mtu wa nyumba hupita.

Makubaliano ya nyumbani

Mazungumzo na mwenzi wako yafanyike kabla ya kujaza fomu ya chuo, na yawe ya kazi zinazotajwa kwa majina. Sentensi ya "nitakusaidia" haina uzito hadi ijulikane nani anawaamsha watoto Jumatatu hadi Ijumaa, nani anakagua madaftari yao, nani anapika siku za mahudhurio yako kituoni, nani anampeleka mtoto hospitali ukiwa chumba cha mtihani. Andikeni. Baba anayesoma naye aseme wazi ni kazi zipi za nyumba anaziacha na nani anazibeba, kwa sababu mara nyingi mzigo wa mwanamume aliye masomoni humwangukia mke kimya kimya bila mtu yeyote kuutaja.

Wazee wa familia wahusishwe kwa heshima na mapema. Mama mkwe aliyezoea kukuona shambani kila Jumamosi anaweza kudhani umemkimbia, na hakuna karatasi ya chuo itakayomwondolea dhana hiyo isipokuwa wewe mwenyewe kwenda kumwamkia na kumweleza. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mwambie jambo mahususi: "Mama, mtihani wangu unaanza juma la pili la Julai na mahindi yatakuwa bado shambani. Naomba tuvune yale ya bondeni kwanza, na ya juu tuyaache yakauke hadi nimalize." Mzee aliyeombwa ushauri kuhusu shamba analolijua mara nyingi huja na mpango bora kuliko wako, na akishakubali, yeye ndiye atakayewaambia wengine wakuache usome.

Watoto wenye umri wa kuelewa nao waambiwe. Saa moja ya meza moja kila jioni, wewe na kazi yako ya chuo na wao na kazi zao za shule, simu zikiwa zimewekwa kando, huwafaa pia katika masomo yao. Dada wa kazi, kama mnaye, apewe maelekezo ya wazi na nyongeza ya haki kwa majuma utakayosafiri, kwa sababu utakuwa unamwongezea kazi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Uliza chuo kama ada hulipwa kwa awamu, uzigawe awamu hizo kwenye kalenda yako, na uanze kuweka akiba miezi kadhaa kabla. SACCOS ya walimu au kikundi chenu cha kuweka na kukopa ni mahali salama kuliko mikopo ya kausha damu, ambayo imewatoa walimu wengi kwenye masomo na hata kwenye amani ya nyumba zao. Kama bado unalipa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa tayari, hivyo piga hesabu kwa kile kinachoingia mkononi. Michango ya harusi na ya misiba haiwezi kukwepwa katika jamii yetu, wala sikushauri uikwepe, lakini kiwango cha mwaka kinaweza kuamuliwa na wanandoa wawili na kuheshimiwa.

Maktaba ya shule yako iwe karakana ya masomo yako

Mzazi ana saa chache, kwa hiyo kila saa lazima ifanye kazi zaidi ya moja. Njia ya uhakika ni kuchukua kila mada ya chuo na kuitekeleza katika maktaba unayoisimamia. Ukifundishwa kupokea vitabu, fungua rejista ya kupokelea vitabu Jumatatu inayofuata. Ukifundishwa sera ya maktaba, kazi yako ya chuo iwe rasimu ya sera ya shule yako. Walimu wa chuo hufurahia kazi zenye mifano halisi, mkuu wa shule huona faida ya ruhusa aliyokupa, nawe hukariri bila kukariri.

Nitaeleza kitabu kimoja kwa hatua zake. Tuseme shule imepata kitabu kuhusu kilimo cha viazi mviringo. Kiandike kwenye rejista kwa namba inayofuata, pamoja na tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei au neno "msaada", na kilikotoka. Namba hiyo ni ya nakala hiyo peke yake: nakala tatu za kitabu kimoja hupata namba tatu. Gonga muhuri wa shule nyuma ya ukurasa wa jina na katika ukurasa mmoja wa siri mliouchagua, ili kitabu kikipotea na mtu akachana ukurasa wa mbele, kiweze kutambuliwa. Kisha kiainishe. Katika mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza na Melvil Dewey mwaka 1876, maarifa yote hugawanywa katika makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Sayansi tumizi ni 600, kilimo ni 630, na viazi mviringo vina namba 635.21. Chini ya namba hiyo andika herufi tatu za kwanza za jina la mwisho la mwandishi, kisha bandika lebo kwenye mgongo wa kitabu, sentimita mbili au tatu kutoka chini, kwa usawa ule ule kwa vitabu vyote, ili anayepita mbele ya rafu asome lebo kwa mstari mmoja.

Kupanga namba hizo rafuni huwachanganya wanafunzi na watu wazima pia. Kitabu cha 635.21 hutangulia cha 635.3, ingawa 21 inaonekana kubwa kuliko 3, kwa sababu baada ya nukta tunasoma tarakimu moja moja: 2 hutangulia 3. Hapa mtoto wako wa darasa la tano anaweza kuwa msaidizi wako. Kata vipande vya karatasi, andika namba za Dewey juu yake, vichanganye, na mwambie avipange mezani. Yeye anajifunza desimali, wewe unajiandaa kwa mtihani wa uainishaji, na saa ile ya jioni imewatosha wote wawili. Mwambie pia akuulize yale makundi kumi kwa kuruka ruka. Watoto huyashika haraka na hufurahi mno kumkosoa mzazi.

Vitabu vya kiada vinavyoletwa kwa idadi kubwa viwekwe na kuandikwa kando na vitabu vya maktaba. Maktaba nyingi za shule zimegeuka stoo ya vitabu vya kiada, na mwanafunzi akiingia haoni hata hadithi moja. Ukibadilisha jambo hilo peke yake katika mwaka wako wa kwanza wa masomo, utakuwa umeitendea shule kazi kubwa.

Unyevunyevu ni somo ambalo watu wa nyanda za juu wanapaswa kulisoma kwa bidii kuliko wanafunzi wenzao wa Dodoma. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na vitabu vilivyosogezwa hadi ukutani, au vilivyoachwa kwenye maboksi juu ya sakafu ya saruji, huota ukungu kabla muhula haujaisha. Acha nafasi ya kiganja kati ya rafu na ukuta, rafu ya chini iinuliwe juu ya sakafu, madirisha yafunguliwe siku zenye jua na kufungwa mvua ikianza. Kitabu kikilowa, kishughulikie siku hiyo hiyo, kwani ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48: weka karatasi zinazonyonya maji kati ya kurasa, zibadilishe mara kwa mara, kikaushie kivulini penye hewa, kisha kikandamize kwa kitu kizito kikiwa kimekauka. Jua kali hukunja jalada na kupausha kurasa. Chenye ukungu tayari kitengwe na vingine kabla ya kusafishwa.

Ukifika kwenye nadharia, utakutana na S. R. Ranganathan wa India, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, na ambaye mwaka 1931 alichapisha kanuni tano za ukutubi. Ninamtaja kwa sababu alitoka darasani kama sisi, na kwa sababu kanuni yake ya nne, ya kuokoa muda wa msomaji, inapimika shuleni kwa urahisi: mtume mwanafunzi wa kidato cha kwanza akatafute kitabu kuhusu chai bila kumsaidia, uone kama anakipata. Asipokipata, tatizo liko kwenye lebo na mabango yako.

Kwa upande wa mitambo, vyuo vingi sasa hufundisha programu za kuendeshea maktaba kama Koha, iliyoanzia New Zealand na kutolewa bure mwaka 2000. Shule isiyo na kompyuta haihitaji kusubiri. Rejista iliyoandikwa vizuri kwa mkono huhamishwa kwenye kompyuta kwa majuma machache. Iliyoandikwa vibaya huhitaji kuanza upya. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada unavyoweza kuwaonyesha walimu wenzako, hata kwa simu moja ya shule. Wewe mwenyewe pakua masomo ya juma zima siku unayokuwa na mtandao mzuri, ili umeme ukikatika au bando likiisha usiku wa kuamkia tarehe ya kukabidhi kazi, uwe na kila kitu ndani ya simu. Kila kazi unayoandika jitumie kwa barua pepe kabla ya kulala, kwa sababu simu ya mzazi hushikwa na mikono mingi.

Mafunzo kwa vitendo, kuahirisha na kukamilisha

Programu nyingi huwa na majuma ya mafunzo kwa vitendo. Usisubiri chuo kikupangie Dar es Salaam. Omba mapema nafasi karibu na nyumbani: maktaba za mikoa za Mbeya na Iringa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, au maktaba za vyuo vikuu kama Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Peleka barua ya chuo na maelezo yako mafupi miezi miwili au mitatu kabla, na kama inawezekana chagua likizo ya Juni au Desemba ili vipindi vyako visiachwe. Ukiwa hapo omba kupitishwa kila dawati, hasa sehemu ya watoto, kwa kuwa namna ya kumsomea mtoto hadithi kwa sauti na kumfanya arudi kesho yake ni ujuzi ambao vitabu vya chuo hugusia tu.

Ikitokea msiba mzito, ugonjwa wa mtoto au mimba yenye matatizo, ahirisha masomo rasmi. Kila chuo kina utaratibu wa kuahirisha muhula au mwaka kwa barua yenye vielelezo, na mwanafunzi aliyeahirisha hurudi alipoishia. Anayenyamaza na kutoonekana kwenye mtihani huandikiwa kutofanya, naye anaweza kupoteza usajili pamoja na ada aliyokwisha kulipa. Barua ya ukurasa mmoja, iliyopokelewa kabla ya mtihani, huokoa mwaka mzima. Mjulishe na mwajiri, kwa kuwa ruhusa yako ina tarehe ya mwisho na itahitaji kuongezwa.

Matokeo ya mwisho yakitoka, chukua cheti na taarifa ya matokeo chuoni wewe mwenyewe, thibitisha kwamba majina yanafanana herufi kwa herufi na yale ya vyeti vyako vya awali, na kama ulibadilisha jina kwa ndoa andaa kiapo cha mahakamani mapema. Toa nakala, zithibitishwe kwa wakili au hakimu, uzipeleke kwa Mkurugenzi kwa barua ukiomba taarifa zako za kiutumishi zihuishwe, na nakala nyingine kwa ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Kila unapokabidhi, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uihifadhi katika faili moja pamoja na barua ya ruhusa uliyoanza nayo.